Siku Mbuzi Wetu Alipoitwa Ng'ombe

Harufu ya manyoya ya mbuzi yakiungua si harufu ya kusifiwa. Inakwaruza koo, inakaa kwenye nguo siku tatu, na jirani mwenye nafasi ya kulalamika atalalamika. Mimi nayo tuna urafiki wa zamani. Kila Idi kubwa huketi uani na kichwa cha mbuzi juu ya makaa, nikikigeuza huku na huku na kukikwangua kwa kisu kabla ya kukitia kwenye supu, na moshi ule mzito ukinifika puani narudi kuwa mtoto wa miaka kumi, Gisenyi, katika nyumba ya kupanga karibu na njia ya Petite Barrière, kivuko cha mpaka wa Rwanda na Kongo. Ni mwaka wa tisini na tisa, na mama yangu amewaambia watu waliozoea kumpangia maisha kwamba sasa basi.

Nitakusimulia yote, pamoja na uongo niliousema siku hiyo mbele ya watu wazima. Nimejaribu mara kadhaa kuujutia na nimeshindwa.

Kwanza umjue Mama. Alizaliwa Mudende, juu kule kwenye viazi na ng'ombe, katika nyumba ya Kikatoliki yenye msalaba juu ya kila mlango. Akampenda fundi cherehani wa mjini, Mwislamu, akasilimu, akaolewa, akaitwa Hadija. Fundi huyo ndiye baba yangu, mtu mpole aliyeshinda na futi ya kupimia shingoni hata akisahau kula. Baba alikuwa mdogo wa Baba mkubwa Sadiki, na Baba mkubwa Sadiki alikuwa kila kitu. Nyumba kubwa ya ukoo ilikuwa yake, neno la mwisho lilikuwa lake, kisu cha kuchinjia kilikuwa chake. Sisi tuliishi kwenye vyumba viwili nyuma ya ua wake, na ua mzima ulikuwa na jiko moja tu, la mke wake, Mama mkubwa.

Katika jiko hilo Mama alimenya vitunguu. Sisemi kwamba alimenya siku moja moja. Tangu alipoingia bi harusi, kila sikukuu, wanawake wa ukoo walipokusanyika, huyu alipewa nyama akate, yule viungo atwange, Mama mkubwa mwenyewe akasimama na mwiko kwenye sufuria la pilau kama askari wa mpakani, na mama yangu akasogezewa gunia la vitunguu.

"We ungali mugeni," Mama mkubwa alimwambia. "Utajifunza pole pole."

Mgeni wa miaka kumi na miwili! Vita vikatufukuza, tukaenda Goma, tukakaa miaka miwili chini ya shitingi, yale maturubai ya wakimbizi, ukoo mzima kwenye sufuria moja, na hata huko, kwenye mawe meusi ya volkano, vitunguu vilipopatikana vilimfuata Mama. Tukarudi Gisenyi, vikarudi naye. Binamu zangu walinibatiza jina, Mutoto ya Mama Vitunguu. Liliniuma sana, na nilimpiga mmoja wao kwa kandambili. Nilichapwa kwa ajili hiyo, nikaona ilistahili.

Sasa kuhusu Nyogokuru, mama yake Mama. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kula kwetu hata punje. Nilipozaliwa alikuja na maziwa, akanishika, akaondoka bila kunywa chai. Milio ya bunduki iliposhuka kutoka milimani na watu wa Mudende wakakimbilia mjini, alilala majuma matatu kwenye uwanja wa parokia, kwenye baridi, na Baba akavaa koti lake la harusi akaenda kumchukua. Nyogokuru alimshukuru vizuri, akakataa kuja. Nyumbani kwa Baba mkubwa walikuwa na maelezo tayari.

"Ule mumama ni Mukatoliki kabisa," walisema. "Hawezi kula kwa Waislamu. Hata Hadija mwenyewe anajua."

Mama aliinama tu juu ya vitunguu vyake, na kwa kuwa ni vitunguu hakuna aliyeweza kusema machozi yalikuwa ya nini. Mimi niliyaamini maneno yao. Nilimkasirikia Nyogokuru kwa moyo wangu wote, kwa sababu niliona anamwacha mama yangu peke yake kati ya watu wale.

Jambo lingine unalopaswa kujua ni kwamba Nyogokuru hakula mbuzi. Hili halikuwa la dini. Wanawake wa rika lake, kule kwenye ng'ombe, hawakugusa nyama ya mbuzi, na sababu alinieleza mwenyewe siku moja nilipokwenda kumtembelea Mudende: mwanamke akila mbuzi anaota ndevu. Alilisema kwa utulivu kabisa, akikamua maziwa. Mimi nilikuwa nimekula mbuzi tangu nilipoota meno. Nilienda kujitazama kidevu kwenye ndoo ya maji, nikaona kweupe, lakini tangu siku hiyo nilikuwa nakipapasa kila asubuhi, na cha Mama nilikichunguza alipokuwa akisali.

Basi, miezi miwili kabla ya Idi ile, Baba alipata baraza la kuwekea cherehani kwenye njia ya Petite Barrière, na nyuma ya baraza kulikuwa na chumba, sebule, na ua mdogo wenye geti la mabati. Tukahamia. Kitu cha kwanza Mama alichonunua hakikuwa kitanda. Alinunua mbabula, jiko la makaa la bati nene, akalibeba mwenyewe kichwani kutoka sokoni, akaliweka katikati ya ua, akazunguka akilitazama. Siku hiyo tulikula uji mtupu, na sijawahi kumwona mtu akikoroga uji kwa madaha namna ile.

Ijumaa iliyofuata tulikwenda kusalimia kwenye nyumba ya ukoo. Baba mkubwa alikuwa anapanga Idi: nani ataleta mchele, nani ataleta mafuta, ng'ombe atachinjwa saa ngapi. Akamgeukia Mama.

"Hadija, we utakuja mapema. Vitunguu iko mingi mwaka hii."

Mama alikuwa ameshika kikombe cha chai. Alikiweka chini taratibu.

"Mwaka hii tutakulia kwetu, shemeji. Niko na jiko yangu sasa."

Nakumbuka nzi mmoja alitembea kwenye kitambaa cha meza kutoka ncha hii hadi ile na hakuna aliyemfukuza.

"Idi ya ukoo inaliwa hapa," alisema Baba mkubwa. "Tangu marehemu baba yetu, njo vile. Nani atakuja kwako? Nani atachinja? Hata mama yako mwenyewe hajawahi kula kwako. Unataka ukae na sufuria yako pekee, watu wakupite njiani wakicheka?"

Kila mtu alimtazama Baba. Baba alishika futi yake kwa mikono miwili, nikadhani atasema tutarudi, kwa sababu maisha yake yote alikuwa amesema tutarudi.

"Bon," alisema Baba kwa sauti ndogo. "Nitachinja mimi."

Njiani Mama alitembea mbele yetu, mgongo umenyooka, na mimi nilikuwa nakimbia kidogo kidogo nimfikie. Nilitaka kurudi nikawaonyeshe ulimi binamu zangu wote. Yaani hiyo ndiyo furaha ninayoikumbuka, furaha ya mtu anayetoka kwa hasira akiwa na mahali pa kwenda.

Lakini kutoka kwenye nyumba ya ukoo kulikuwa kutoka pia kwenye ng'ombe wa ukoo. Hatukuwa na fungu tena. Tulichokuwa nacho ni mbuzi, ambaye Baba alipewa Goma kwa kushona nguo za harusi, na aliyemvusha ni jirani yetu Mama Fiston, mwanamke wa Goma aliyeolewa Gisenyi, mlokole, mwenye sauti ya kusikika pande zote mbili za mpaka. Yeye na Mama walivuka kila asubuhi na beseni za nyanya. Mbuzi yule alifika katikati, kati ya kizuizi cha Kongo na cha Rwanda, akalala chini akakataa kwenda mbele na kurudi nyuma. Mama Fiston alimbeba mabegani mbele ya watu wote akifoka kwamba amezaa watoto sita na hakuna hata mmoja aliyemsumbua hivyo.

Mama alipomwona mbuzi alifurahi, kisha uso ukaanguka. Alikuwa amemwalika Nyogokuru. Alikuwa ametuma ujumbe kwa dereva wa lori la viazi: mwambie mama, Idi hii napika kwangu, aje. Jibu halikuwa limerudi. Na kama angekuja, angekuja kukuta mbuzi.

"Tutamwambia ni ngombe," alisema Baba, ambaye baada ya kusema neno moja la kishujaa alikuwa amepata hamu ya mengine.

"Mama yangu nimulishe uongo siku ya Idi? Ndani ya nyumba yangu ya kwanza?" Mama alitikisa kichwa. "Hapana. Nitamupikia viazi yake pembeni, kwa sufuria mupya. Akila viazi, nimeshukuru. Akikataa hata viazi, bon, nitajua."

Hivyo unaona mwenyewe mambo yalivyosimama. Kwa mama yangu, Idi ile ilikuwa sahani moja ya viazi: iliwe au isiliwe na mtu mmoja tu duniani.

Mwaka huo Idi kubwa iliangukia Jumapili ya Mashami, siku Wakatoliki wanapobeba matawi kwenda kanisani. Asubuhi mvua ilinyesha, kisha ikakatika ghafla. Mji ulikuwa na kanzu upande huu na matawi upande ule, watu wakipishana kwenye matope kwa adabu. Tuliporudi kutoka swalani Baba alivua koti, akachukua kisu, akamzunguka mbuzi mara tatu na futi yake shingoni, ungesema anampimia suruali. Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani alisimama pembeni, akamwambia taja jina la Mungu na usirudishe mkono, na Baba akataja, akachinja vizuri, kisha akaenda kukaa nyuma ya nyumba kwa muda akiwa amefunika uso.

Mimi na Mama Fiston tukapewa kichwa. Tulikichoma kwenye moto wa kuni pale uani, na harufu ikapanda, ikavuka ukuta, ikaenda barabarani. Mama akapika. Alijifunga kitenge kifuani, akashika mwiko wake mwenyewe, na vitunguu, sikiliza hili, vitunguu alinipa mimi na Baba tumenye. Baba alilia sana na hakuona haya.

Pilau ilipoiva, Mama alikwenda kwenye geti. Katika miaka ile geti la mtu lilikuwa limefungwa hata mchana, watu walikuwa wamejifunza kufunga. Mama alilifungua wazi kabisa, mabati yakagonga ukuta, akaviringisha jiwe kubwa akaliegemeza lisirudi.

"Mwenye kutaka kucheka, acheke akiwa anatuona vizuri," alisema.

Tukatandika jamvi, tukaweka sinia, tukakaa. Na watu wakapita. Walipunguza mwendo, wakachungulia, wakatusalimia, wakaendelea, kwa sababu neno la Baba mkubwa lilikuwa limetangulia mtaani. Pilau ikaacha kutoa moshi. Mama Fiston aliimba kidogo, akanyamaza. Sufuria dogo la viazi lilikuwa pembeni, limefunikwa kwa kitambaa, na Mama alikuwa analitazama kila baada ya muda mfupi.

Kisha Nyogokuru akatokea. Alikuwa amevaa mushanana, vazi jeupe la kwendea misa, tawi la kijani mkono mmoja, kidumu cha maziwa mkono mwingine, viatu vimejaa tope. Alikuwa ameshuka alfajiri na lori la viazi, akasali mjini, akaulizia njia kwa miguu. Alisimama getini, karibu na lile jiwe. Nilimwona akiinua pua kidogo. Akavuta pumzi ndefu, akatazama mbabula, sufuria, mwiko mkononi mwa mama yangu. Mama naye alisimama na mwiko ukidondosha mchuzi kwenye miguu yake, asijue.

"Ayiwe, muacheni mama apite!" alipiga kelele Mama Fiston, ingawa hakuna aliyekuwa amemzuia.

Nyogokuru hajakaa vizuri kwenye jamvi, nyuma yake akaingia Baba mkubwa Sadiki, kanzu nyeupe, fimbo mkononi. Alikuja kutuchukua. Alisema chakula kipo tayari kwake, watu wote wamekaa, amechoshwa na mchezo huu, twende. Kisha akamwona Nyogokuru, akainamisha kichwa kwa heshima, na akasema kwa upole ule ambao ni mbaya kuliko matusi:

"Karibu, mama. Lakini hapa watakupatia nini? Viazi tupu, siku ya Idi? Najua wamama wa kwenu hawawezi kula vitu ya hapa. Kwangu iko ngombe. Twende wote, mama. Hadija atakuja na sufuria yake, tutachanganya."

Mama aliushusha mwiko. Kila kitu alichokuwa amekibeba kichwani kutoka sokoni kilikuwa kinamwanguka mbele ya macho ya mama yake. Na mimi niliona kwamba Nyogokuru atainuka, ataondoka, Mama atarudi kwenye gunia la vitunguu na hatatoka tena maisha yake yote.

"Hata hapa ni ng'ombe!" nilisema. Nilipiga kelele hasa. "Nyama yetu ni ya ng'ombe! Nyogokuru, ni ng'ombe!"

Kwenye kuni, hatua tatu kutoka nilipokaa, kichwa cha mbuzi na pembe zake kilikuwa kinatutazama. Hilo sikuwa nimelifikiria. Mama Fiston, Mungu ambariki, alitupa haraka upande wa kitenge chake juu ya kichwa kile, kitenge kikaanza kuungua.

"Zaina!" alisema Mama. Alikuwa mkali, alikuwa ameapa hatamlisha mama yake uongo, na aligeuka kuelekea kwa Nyogokuru. "Mama, hapana, huyu mutoto..."

Lakini Nyogokuru alikuwa ameshanyoosha mkono. Sijawahi kumwona mwanamke mzee akifanya haraka namna ile. Alichota kwenye sinia pande la nyama kubwa kuliko yote, akafanya ishara ya msalaba kwa mkono mwingine, akalitia lote mdomoni. Akatafuna. Yeye ambaye hata maji hakunywa mbele ya wakwe alitafuna macho yakiwa wazi, akimtazama Baba mkubwa. Baba, kwa heshima ya mama mkwe, aligeukia ukuta asimwone akila, na akabaki hivyo, akiangalia matofali, mabega yakimtikisika.

Nyogokuru alimeza. Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia viazi sokoni, na nyumbani hakukitumia kabisa. Siku hiyo alikitumia.

"Mutoto amesema ni ngombe," alisema. "Basi ni ngombe. Kaa chini, mukwe. Binti yangu amepika. We unasimama juu ya nini?"

Baba mkubwa alitazama geti. Barabarani watu walikuwa wamesimama, wengi sasa, kwa sababu kelele zangu zilikuwa zimefanya kazi ambayo mwaliko wa Mama haukuweza. Kumkatalia mama mkwe mzee chakula mbele ya mtaa, siku ya Idi, hilo hata yeye hakuliweza. Akaweka fimbo. Akakaa. Nyogokuru akamchagulia nyama kwa mkono wake mwenyewe na kumwekea mbele yake.

"Muzuri?" aliuliza.

"Muzuri, mama."

"Nyama ya nini?"

Baba mkubwa Sadiki alitafuna muda mrefu sana. Alikohoa. Akamtazama Mama, akatazama kitenge kinachotoa moshi juu ya kuni, na pembe moja iliyokuwa imejitokeza.

"Ya ngombe," alisema.

Hapo Mama alicheka. Kicheko kilimtoka bila ruhusa, akakaa chini kwenye tope na mwiko wake, akacheka mpaka akalia, na siku hiyo hakukuwa na kitunguu hata kimoja karibu yake. "Asante, mama," alikuwa anasema. "Alhamdulillahi. Asante, mama." Watu wakaanza kuingia, mmoja mmoja, wakivua viatu. Mwalimu wangu aliingia, mke wa mwenye duka akaingia, binamu zangu wawili waliokuja kumtafuta baba yao wakaingia, nikawapa mafupa. Pilau iliisha. Viazi pia viliisha, Nyogokuru alivila baada ya nyama, vyote. Alipoondoka aliacha tawi lake limechomekwa kwenye mabati ya geti, na Mama hakuliondoa mpaka likakauka na kuwa la kahawia.

Mimi kwa miaka mingi nilijiona shujaa wa siku ile. Nilikuwa nimemdanganya bibi yangu kwa ajili ya mama yangu, na nilimhurumia kidogo kwa urahisi wa kudanganyika. Pia nilikichunguza kidevu chake kila alipokuja, na alikuja mara nyingi tangu hapo.

Nilipoolewa na kupata nyumba yangu, nilipika Idi yangu ya kwanza nikamwita. Alikuwa mzee sasa, akikaa karibu na moto kwa ajili ya magoti. Nilikuwa nachoma kichwa, na aibu ikanishika, nikaamua kukiri. Nikamwambia kwa Kinyarwanda: Nyogokuru, siku ile haikuwa ng'ombe.

Alinitazama mpaka nikajiona mjinga.

"Mimi nimezaliwa zizini," alisema. "Nimekamua ng'ombe, nimewazika ng'ombe. Halafu wewe uniambie mbuzi ni ng'ombe? Harufu hii niliikuta kwenye kona, kabla sijaliona geti lenu."

"Basi kwa nini ulikula? Si ulikuwa hutaki kula kwa Waislamu?"

"Nani alikuambia sikutaka kula kwao?"

Nilikuwa nimeambiwa na wale wale waliomwambia Mama kuwa ni mgeni.

"Kwetu mama haendi kula kwa binti asiye na jiko lake," alisema Nyogokuru. "Wakati ule wa vita ningeenda wapi? Kwa mama mkubwa wako? Nikae kwenye kigoda, nimwone binti yangu akiongezewa vitunguu vya kumenya kwa ajili ya tumbo langu? Heri baridi ya parokia. Nilisubiri jiko. Miaka kumi na miwili nilisubiri mtu aniambie Hadija ana jiko. Siku hiyo hata angechemsha viatu vya baba yako ningekula na kuomba mchuzi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilitaja jina la Hadija.

Kisha akashika kidevu chake, akakipapasa polepole, akakisogeza kwenye mwanga wa moto ili nikione.

"Na ndevu zenyewe mpaka leo nazisubiri," alisema. "Nipe sikio."

Nikamkatia sikio. Alilitafuna geti likiwa wazi, mbele ya kila aliyepita, na mimi nikakaa karibu yake nikiwaza jinsi mama yangu alivyoinama miaka yote ile akidhani ameachwa, kumbe kulikuwa na mtu mlimani anayesubiri moshi wake tu. Ndiyo maana kichwa sikipeleki kwa mchinjaji akichome huko kwake, kama majirani wanavyonishauri kila mwaka kwa upole. Nakichoma hapa uani, geti wazi, jiwe limeegemezwa, harufu itangulie mpaka kwenye kona. Wakilalamika, na walalamike wakiwa wamekaa. Sahani zipo.